Mama mkwe amepigiwa simu kuhusu deni langu. Je, nitafungwa?

Swali: Wakili, salamu. Nina miaka 34, naishi Likoni, Mombasa, na nafanya kazi hotelini ng'ambo ya feri. Nikishakatwa, mshahara unaobaki mkononi ni shilingi 19,500. Mwaka jana mtoto alilazwa, nikakopa 5,000 kwenye apu moja ya simu. Siku ya kulipa ilipofika sikuwa nazo, nikakopa kwa apu nyingine kulipa ile ya kwanza, kisha nyingine kulipa hiyo. Sasa nina madeni matano ambayo kwa hesabu yao ni 32,500. Wiki iliyopita mama mkwe alipigiwa simu, akaambiwa mimi ni mwizi na kwamba yeye ndiye mdhamini wangu. Meneja wangu naye ametumiwa ujumbe. Wanasema polisi watanijia Jumatatu. Je, naweza kufungwa? Na je, nikiivunja hii laini nianze upya, itasaidia?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na hiyo Jumatatu, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi.

Polisi hawaji. Kukopa ukashindwa kulipa ni madai baina ya watu wawili, si jinai, na polisi wa Kenya hawana kazi ya kukusanya madeni ya mtu. Ingekuwa jambo jingine kama ungekopa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, au ungedanganya kwa makusudi ili upewe fedha, kwa sababu huo ni ulaghai na una sheria yake. Wewe umekopa kwa jina lako, nambari yako na sura yako. Unadaiwa, basi.

Nakwambia hivi kwa sababu kabla ya kuja upande huu nilikaa miaka minne katika idara ya kudai madeni. Ile sauti inayokutisha inasoma karatasi. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba haikutajii tarehe, inakutajia siku: "Jumatatu", "kesho asubuhi", "leo kabla ya saa kumi". Siku haiishi kurudi, kwa hivyo tisho hilo halichakai. Simu huongezeka kuanzia tarehe 25 kwa sababu kila mtu anajua mishahara inaingia lini, na anayepiga hulipwa asilimia ya kile atakachokung'oa. Hakujui wala hakuchukii. Anataka uwe mtu wa kwanza kulipa kwake kabla hujamlipa mwenzake anayekupigia kwa nambari nyingine. Ukilielewa hilo tu, nusu ya hofu itaondoka.

Kuna njia moja ambayo deni linaweza kumfikisha mtu jela, nami sitakuficha, ila ni ndefu kuliko wanavyoisimulia. Kwanza mdai akushtaki mahakamani. Pili upewe hati ya madai na nafasi ya kujibu. Tatu hukumu itoke dhidi yako. Nne ushindwe kuitii hukumu hiyo. Tano mdai aombe ufungwe kifungo cha madai, na hata hapo uitwe mbele ya hakimu ueleze kwa nini usifungwe. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, kabla hajawa Jaji Mkuu, aliamua katika kesi moja ya ufilisi kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba kunapingana na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia ambao Kenya imeuridhia. Mwaka 2012 marehemu Jaji David Majanja hakuifuta njia hiyo kabisa, lakini aliiwekea uzio: haifai kutumiwa kwa asiye na uwezo, na mdaiwa lazima apewe nafasi ya kusikilizwa. Anayefungwa ni yule mwenye mali anayekaidi. Mhudumu wa hoteli mwenye mshahara wa 19,500 aliyekuja mbele ya mahakama na mpango wake wa kulipa kidogo kidogo hatiwi ndani.

Sasa tuje kwa mama mkwe, kwa sababu hapo wao ndio waliovunja sheria.

Hadi mwisho wa 2021 apu hizi zilikuwa zikifanya kazi bila mwenye nyumba. Zilijaa kwenye simu zetu na Benki Kuu haikuwa na meno ya kuziuma. Desemba 2021 Sheria ya Benki Kuu ya Kenya ilirekebishwa, na Machi 2022 zikatoka kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Kila asiye benki na aliyekuwa akikopesha kwa simu alipewa hadi Septemba 17, 2022 kuomba leseni. Kampuni 10 ndizo zilizopata mwanzoni, na kufikia 2025 zilikuwa zimepita 100. Kukopesha bila leseni ni kosa lenye adhabu ya hadi miaka 3 jela, faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili.

Kanuni hizo zinasema wazi ni nini mdai haruhusiwi kufanya. Haruhusiwi kutisha wala kutumia nguvu. Haruhusiwi matusi. Haruhusiwi kuchukua namba zilizo ndani ya simu yako na kuwapigia au kuwaandikia watu hao eti kwa kuwa umechelewa kulipa. Haruhusiwi kukuanika mtandaoni ili uaibike. Kwa hivyo mama mkwe na meneja wako hawakupaswa kusikia lolote. Tena hilo la udhamini ni uongo mtupu, kwa sababu mdhamini ni mtu aliyekubali mwenyewe kwa hiari yake. Jina kukaa kwenye orodha ya simu ya mkwewe halimfanyi mtu awe mdhamini, hata kama ulilichagua wewe mwenyewe apu ilipokutaka uandike "mtu wa karibu".

Juu ya kanuni hizo ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inasimamiwa na ofisi ya Kamishna wa Data. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kosa la namna hii hii: kutumia majina na namba za watu wengine kuwatumia ujumbe wa vitisho. Watu wengi hawajui kwamba mwenye haki hapo si mkopaji peke yake. Mama mkwe wako ana malalamiko yake mwenyewe. Namba yake ya simu ni data yake, hakumpa mtu huyo, na hakukubali itumike. Anaweza kulalamika kwa jina lake na kudai fidia kwa jina lake. Fomu hujazwa mtandaoni bila malipo, na sheria inaitaka ofisi hiyo imalize uchunguzi ndani ya siku 90.

Kwa huo ushahidi, piga skrinishoti za kila ujumbe, namba ya aliyetuma ikionekana pamoja na tarehe na saa. Andika kwenye daftari kila simu: saa ngapi, namba gani, alijiita nani, alisema nini. Mwombe meneja akutumie ujumbe aliopokea. Naye meneja hana ruhusa ya kukukata mshahara kwa sababu ya simu ya mtu asiyemjua. Hilo lingehitaji idhini yako au amri ya mahakama, na hata ikija, Sheria ya Ajira haikubali makato yote kwa jumla yapite theluthi mbili ya ujira wako.

Hayo ndiyo ya aibu. Lakini nisikudanganye ukadhani kwamba kwa kuwa wamekukosea, deni limekufa. Haki yako ya kutotukanwa ni jambo moja, na pesa ulizokula ni jambo lingine. Waswahili wamesema dawa ya deni ni kulipa, na wale vijana wa simu wanaupenda sana msemo huo. Wasichokwambia ni kwamba dawa hupimwa. Swali ni unadaiwa kiasi gani kweli.

Chukua ule mkopo wa kwanza. Katika maelezo uliyoambatanisha na swali lako unasema uliandikiwa 5,000, ukapokea 4,200 baada ya "ada", na ukatakiwa kurudisha 5,000 baada ya siku 14. Hiyo ni shilingi 800 juu ya 4,200, yaani asilimia 19 kwa wiki mbili. Mtu akiusogeza mkopo huo mbele kila wiki mbili kwa nusu mwaka, atalipa 800 mara 13, ambazo ni 10,400, na bado atadaiwa 5,000 zilezile. Mkopo wa Hazina ya Hustler ya serikali, kwa kulinganisha, ni asilimia 8 kwa mwaka mzima. Ndiyo maana nasema hukushindwa na mkopo wa hospitali. Umeshindwa na ule uliochukua kulipa wa hospitali, na wa tatu uliochukua kulipa huo. Kuanzia leo, hata wakikupandishia kiwango na kukupongeza kwa kuwa mteja mwema, usikope shilingi moja kulipa nyingine. Bila hilo, yote ninayoandika hapa chini ni kuchota maji kwa pakacha.

Katika orodha uliyonitumia, deni la kwanza ni la benki, 8,000. La pili ni la apu yenye leseni, 6,500. La tatu ni apu nyingine yenye leseni: ulichukua 4,000, umepita miezi saba bila kulipa, na sasa wanadai 9,700. La nne ni apu uliyotumiwa kiungo chake kwa ujumbe ukaipakua nje ya duka la Google: ulipokea 3,000, wanadai 7,400. La tano ni 900.

Lile la tatu ndilo ninalotaka ulishike vizuri. Sheria zetu zinaweka kikomo kwa deni lililokwama, yaani lile ambalo malipo yake yamesimama, kwa kawaida zaidi ya siku 90. Mwenye kudai hawezi kutoza riba inayozidi kile kiasi cha mkopo chenyewe kilichokuwa kimebaki siku deni lilipokwama. Benki zimefungwa na kikomo hicho kupitia Sheria ya Mabenki, na kanuni za 2022 ziliwafunga wakopeshaji wa kidijitali vivyo hivyo. Kwako: mkopo 4,000, riba isizidi 4,000, jumla 8,000, pamoja na gharama halisi za kudai ambazo lazima wazionyeshe. Basi hizo 1,700 za ziada wazitolee maelezo kwa maandishi. Wengi wakiulizwa swali hilo hunyamaza, kisha hurudi na kiasi kipya "cha ofa".

La nne, itafute kampuni hiyo katika orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Nimeitafuta kwa jina ulilonipa, haimo. Tangu mapema 2023 Google inazitaka apu za mikopo za Kenya zithibitishe leseni, na tangu mwishoni mwa Mei mwaka huo imezikataza kufungua orodha ya majina na picha za mtu. Ndiyo maana hao wanaopenyeza viungo kwa ujumbe ndio wanaojua jina la mama mkwe. Ushauri wangu kwa hilo ni wa kiuungwana zaidi kuliko wa kisheria: warudishie 3,000 ulizopokea, kwa njia yenye risiti, uwaandikie kwamba huo ndio mwisho, kisha uwaripoti. Mkopeshaji asiye na leseni haendi mahakamani kwa urahisi, maana hakimu atamuuliza leseni kabla ya kukuuliza wewe deni. Na iondoe apu hiyo kwenye simu yako leo hii, baada ya kupiga picha kumbukumbu zake zote.

Sasa mpangilio wa kulipa. Kodi 4,500, chakula 6,500, nauli ya matatu 2,000 (feri tunavuka bure, angalau hilo), shule 2,000. Umebakiwa na 4,500. Hizo ndizo zote, na hakuna anayeweza kukukamua zaidi bila kumnyima mtoto chakula. Mwezi wa kwanza malizana na ile 900. Kuna watakaokwambia uanze na deni lenye riba kali zaidi, na kwa karatasi wako sahihi. Mimi nimeona watu wakipumua siku namba moja inapoacha kupiga, na mtu anayepumua hukaa kwenye mpango wake. Baada ya hapo gawa kilichobaki kati ya benki na apu ya pili, kisha la tatu, kisha la nne. Ukifanikiwa kulishusha la tatu hadi 5,000, na la nne likabaki 3,000, jumla yako ni 23,400, yaani miezi mitano na kitu. Wakikataa kabisa kukupunguzia la tatu na ulipe 8,000, bado hutapita miezi sita, mradi wakubali kusimamisha riba. Kuwa na miezi sita migumu si sawa na kuwa mtu wa kutoroka.

Na punguzo lipo, usione haya kuliomba. Novemba 2022 Benki Kuu yenyewe ilizitaka benki ziwapunguzie angalau nusu wateja wa mikopo ya simu ya siku 30 au chini iliyokuwa imekwama, mpango uliodumu hadi Mei 31, 2023. Uliguza zaidi ya watu milioni 4. Umekwisha, lakini unaonyesha kwamba deni lililokwama lina bei ya dukani na bei ya kupatana. Usipatane kwa simu. Andika. Waweza kutuma hivi:

"Nakiri kwamba nilipokea shilingi 4,000 kutoka kwenu. Mapato yangu yamepungukiwa, na siwezi kulipa kwa mara moja. Naomba mnitumie taarifa ya deni inayoonyesha mkopo, riba na gharama kila moja peke yake. Napendekeza kulipa jumla ya 5,000 kwa awamu mbili, tarehe 5 ya kila mwezi, mkisimamisha riba na adhabu. Tafadhali wasilianeni nami peke yangu. Kuwasiliana na jamaa au mwajiri wangu ni kinyume cha kanuni za Benki Kuu na Sheria ya Ulinzi wa Data, na nahifadhi ujumbe wote."

Wakikubali, yawe maandishi kabla hujatuma hata senti. Lipa kupitia nambari ya Paybill ya kampuni, si namba binafsi ya anayekupigia, hata akikuapia kwamba ataifikisha. Nimeona pesa nyingi zikipotelea kwenye mifuko ya watu wa simu. Deni likiisha, omba barua ya kuthibitisha.

Kuhusu CRB, yaani ofisi za kumbukumbu za mikopo, wanaitaja kana kwamba ni jela ya pili. Ni daftari la historia ya mikopo yako. Kabla hujaandikwa vibaya humo unatakiwa kupewa notisi ya siku 30, na mkopo usiozidi shilingi 1,000 hauripotiwi kabisa kama deni baya. Hiyo ina maana 900 yako haiwezi kukuchafulia jina, ingawa bado unadaiwa. Ukishaandikwa, kulipa hakufuti papo hapo. Rekodi hubaki miaka 5 baada ya kulipa, lakini husomeka kwamba umelipa, na hiyo ni tofauti kubwa kwa anayetaka kukukopesha siku za usoni. Una haki ya nakala moja ya ripoti yako bila malipo kila mwaka. Ichukue, uone kama wamekuandikia 9,700 mahali pa 8,000, na kama ndivyo, wapinge kwa maandishi.

Laini usiivunje. Deni halikai kwenye laini, linakaa kwenye nambari ya kitambulisho, na utakuwa umejinyima jambo ambalo ni lako, yaani mlolongo wa ujumbe wao. Isitoshe, wakikukosa wewe ndipo wanapozidi kumpigia mama mkwe.

Ikitokea siku moja ukaletewa karatasi ya kweli kutoka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, usiitupe. Hapo tu ndipo watu hujiharibia, kwa kunyamaza hadi hukumu inatoka bila wao. Jibu ndani ya muda ulioandikwa, nenda mwenyewe, huhitaji wakili, na unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Omba ulipe kwa awamu, na upeleke yale mapendekezo uliyowatumia. Hakuna dalali anayeweza kuingia chumbani kwako bila amri ya mahakama, na hata akija na amri, sheria inavikinga vitanda na matandiko, vyombo vya kupikia, na nguo za lazima.

Limebaki la mama mkwe, na najua ndilo zito kuliko 32,500. Nenda kwake. Usimtume mke wako. Mwambie unadaiwa kiasi gani na utalipa lini, na kwamba hukumweka dhamana na hawezi kudaiwa hata ndururu. Akipigiwa tena, aulize jina la anayepiga na kampuni yake, aseme hakuidhinisha namba yake itumike, akate. Hilo la kulalamika ni hiari yake, usimlazimishe. Ila kabla hujalala leo, mpigie umwombe asiufute ujumbe wowote waliomwandikia.